Damu Yenu Ilibaki Beni

Tangu nirudi, hakuna kati yenu aliyeniuliza Kisangani ikoje. Mnaniuliza damu yenu iko wapi. Mna haki. Ninyi wa mtaa wetu wa Vulamba, hapa Butembo, mlinipa vidole nivichome, na wengine wenu, mliorudi na homa kutoka machimbo ya Manguredjipa, mlikaa kwenye kiti cha jikoni kwetu mkitetemeka huku mimi nikilalamika kwamba tone limekuwa kubwa mno. Kasereka nilimrudia hadi akasema afadhali arudi machimboni.

Nimeamua kuandika mara moja, ili nisisimulie upya kila ninapokutana na mmoja wenu njiani. Habari za karatasi na malipo naziacha. Zilinichosha mimi na zitawachosha ninyi. Kwa asiyejua mwanzo wake: nilikuwa naenda kuomba nafasi kwenye shule moja ya udaktari Kisangani, nisome sayansi za tiba baada ya licence, yaani shahada ya kwanza. Kila mwombaji alitakiwa kufika mwenyewe mbele ya jury ya watahini na vioo vyake, yaani vile vipande vyembamba tunavyopakia damu, tukaitia rangi na kuitazama kwa mikroskopu. Wenzangu wana maabara na walimu. Mimi nina mikroskopu kuukuu niliyoipata zahanati moja ilipofungwa, masomo niliyoyapakua kwenye simu, na vidole vyenu. Sikuwa na mtu wa kunisemea huko. Vioo ndivyo vingenisemea.

Butembo hadi Beni

Kisanduku changu cha vioo ni cha mbao, kina mifereji ndani ili kila kioo kisimame peke yake. Juu yake niliandika DAMU kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Niliandika mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza herufi ya A iliinama na mara ya pili nilipoifuta iliacha kivuli. Nalisema hili sasa kwa sababu hilo neno ndilo lililoniponza.

Mama alinifungia viazi vya kuchemsha na maharagwe yenye kitunguu cha poro, kana kwamba Beni hakuna chakula. Kwenye gari nilikipakata kisanduku. Kila shimo barabarani lilinifanya nikikumbatie, hadi mama mmoja aliyekaa karibu nami akashindwa kuvumilia.

"Uko na mayai?"

"Hapana, mama. Ni vioo."

"Vioo ndiyo unabeba sawa mutoto? Hata mutoto, mi sijabebaka vile."

Gari zima lilicheka. Nilicheka pia, halafu nikafungua kifuniko kidogo kuhakikisha hakuna kilichovunjika. Mlangoni mwa Beni tulishuka, tukanawa mikono kwenye ndoo ya bariere, kile kizuizi cha barabarani, tukapimwa joto kwenye paji la uso. Mimi nilinawa mara mbili. Mnanijua.

Beni, kungojea konvoi

Nilifikia kwa Tantine Kavira, mdogo wake mama. Wakati wa ule ugonjwa mkubwa unaoambukiza kwa damu alifanya kazi ya usafi kwenye kituo cha wagonjwa: buti hadi magotini, ganti mbili mbili mikononi, bomba la klore, dawa ya kuua vijidudu, mgongoni. Ugonjwa ulipokwisha, buti zilirudi kituoni lakini kazi ilibaki mwilini mwake. Mlangoni kwake kuna ndoo mbili zenye bomba, moja ya klore nyepesi kwa mikono, moja ya klore kali kwa vitu. Ndizi huoshwa. Viatu huoshwa. Siku niliyofika jirani alileta jogoo, na jogoo aliosha miguu kabla hajavuka kizingiti.

"Usicheke, Masika," aliniambia. "Batu balicheka. Mimi niko muzima."

Barabara ya kwenda Komanda, ndiyo njia ya Kisangani, haiendwi kiholela. Magari hukusanyika, wanajeshi hutangulia na wengine hufuata nyuma, na konvoi ikiondoka imeondoka. Kila asubuhi nilienda parkingi kuuliza, na kila asubuhi Papa Kambale, dereva wa lori la Fuso lililokuwa linipeleke, alinijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini: "Kesho." Siku zilipita wiki, zikaendelea. Jua la Beni si kama letu la mlimani. Nililowa jasho nikiwa nimekaa. Mbu walikuwa wengi. Tantine alinipa chandarua kizuri, lakini upande mmoja ulishuka zaidi ya mwingine, nami sikuweza kulala chini ya kitu kilichopinda. Nikakifungua chote nikifunge upya. Nilipomaliza kilikuwa sawa pande zote, na mbu walikuwa ndani pamoja nami.

Kila siku nilivitoa vioo na kuvitazama dirishani, kimoja kimoja. Doa la zambarau la Kasereka lilikuwa zuri kuliko yote, la mviringo, halina ufa. Niliamini kwamba jury wakiliona hilo tu, hawataniuliza nimesoma na nani.

Asubuhi moja Papa Kambale aliinua kichwa. "Sasa hivi. Enda ukamate mizigo."

Nilirudi mbio. Tantine alikuwa ameshafunga begi langu: nguo zimekunjwa, kwanga ya muhogo, karanga, pakiti ya dawa ya malaria "kwa sababu porini hakuna tantine." Mezani, juu ya kitambaa cheupe, vioo vyangu vilikuwa vimepangwa kwenye jua la dirisha. Viling'aa.

"Nimekutengenezea kila kitu," alisema. "Boîte yako ya vioo ilikuwa na damu."

"Damu, Tantine?"

"Si uliandika we mwenyewe? Nikavaa ganti, nikaitia mu klore ya nguvu, nikangoja vile balitufundisha, nikasugua, nikasuuza. Angalia. Hata ya hôpital haing'ae hivi."

Nilinyanyua kimoja nikakielekeza kwenye mwanga. Nilitafuta doa, hata ukungu wa doa. Nilinyanyua cha pili. Mnajua nikikagua kitu huwa napata kasoro. Sikupata. Alikuwa ameifanya kazi ile vizuri kuliko nilivyowahi kufanya chochote.

Nje Fuso lilipiga honi. Kurudi Butembo kutengeneza vingine kulimaanisha kuikosa konvoi, na jury hawangengoja konvoi nyingine. Tantine alinitazama akiwa bado na ganti mikononi, uso umejaa furaha. Kwetu mtu aliyekufungia mzigo unamshukuru kabla ya kuuinua. Ukiondoka kimya, umemwachia maneno.

"Wasingya, Tantine," nikasema.

Nikavirudisha vioo kwenye mifereji yake na kupanda Fuso. Ningependa kuwaambia kwamba niliondoka kwa ujasiri. Niliondoka kwa sababu nikibaki ningelazimika kumweleza kwa nini.

Beni hadi Komanda

Tulikaa juu ya magunia ya maharagwe, na kabichi zilizokuwa zimeanza kunuka kwa kungojea. Kando yangu alikaa Mwalimu Ilunga, mtu wa Kasai aliyetumwa na serikali kufundisha Beni, akienda kuwaona watoto wake Kisangani. Alikuwa na kofia ya majani na daftari za wanafunzi alizokuwa akisahihisha hata gari likiruka. Baada ya mji wa Oicha alisema, "Ma fille, unalia ama ni vumbi?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akaandika alama kwenye daftari moja, akalifunga.

"Donc, unaenda kwenye jury na vioo bila kitu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kwa nini unaenda?"

Nilimwambia gari halirudi nyuma. Akasema hilo nalo ni jibu, si zuri, lakini amewahi kutoa alama kwa jibu baya zaidi.

Kwenye bariere moja konvoi ilisimama na mizigo ikakaguliwa. Mwanajeshi mmoja mwenye mvi, mtu wa mbali kwa Lingala yake, alikigonga kisanduku changu akiuliza nimebeba nini.

"Ndeko, ozomema nini?"

"Vioo, commandant. Vya kuangalia."

Nilikosea kuishia hapo. Alifungua, akatoa kimoja, akakiweka mbele ya jicho la kulia na kufumba la kushoto. Akatazama msitu. Akabadilisha jicho. Akatoa kingine.

"Hii pia haisaidii," alisema kwa masikitiko. "Macho yangu ilianza kuharibika zamani. Nitafutie ya nguvu."

Mwalimu Ilunga ndiye aliyemweleza kwamba hiyo si miwani, kwamba ni ya kuwekea damu, na kwamba kwa sasa haina damu.

"Iko na nini, sasa?"

"Bule, hakuna kitu," nilisema.

Aliwaita wenzake. "Mukuje muone! Batu ya Butembo banauzishaka kila kitu, lakini leo banapeleka bule mupaka Kisangani!"

Walicheka hadi honi ya gari la mbele ilipolia. Yule mzee alikirudisha kila kioo mahali pake, akivishika kwenye kona, taratibu kuliko nilivyotegemea. Mimi niliona alama za vidole vyake na nikavipangusa vyote njia nzima hadi Komanda.

Komanda hadi Nia-Nia

Komanda tuliachana na wanajeshi, tukashika njia ya Mambasa. Msituni mvua hainyeshi ikakoma; inapumzika tu. Tulikula tulichokikuta: ndizi za kuchoma, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, na mahali pamoja nyama ya porini iliyokaushwa moshini. Hiyo niliikataa nikaanza kueleza ni magonjwa gani hutoka kwa wanyama. Mwalimu Ilunga aliendelea kutafuna.

"Endelea," alisema. "Ukisema inakuwa tamu."

Kabla ya Nia-Nia tulikwama. Mbele yetu malori yalikuwa yamezama kwenye tope hadi milangoni, na wamama wa kijiji cha karibu walikuwa wameshaweka masufuria kando ya barabara, ishara kwamba hakuna wa kutoka upesi. Papa Kambale alivua viatu, akaingia topeni, akarudi. "Tutakula hapa," alisema, kisha akaongeza, "na pengine tutazeeka."

Hapo ndipo baridi iliponishika. Jua lilikuwa limetoka, watu wamevua makoti, na mimi meno yaligongana. Nilijifunika kitenge, nikajifunika gunia tupu. Nilijua ni nini. Mbu wa Beni, ndani ya chandarua kilichonyooka.

"Ni palu hiyo," Mwalimu Ilunga alisema. "Tantine yako alikuwekea dawa. Kamata maji."

"Ningoje kidogo, mwalimu."

"Ungoje nini?"

Nilikuwa nimefungua kisanduku. Nilikuwa na sindano zangu za kuchomea kidole, zile mnazozijua. Ukimeza dawa kwanza, wadudu wa malaria huanza kupungua kwenye damu. Nilitaka kuwapata wakiwa bado wapo.

Niliketi kwenye ngazi ya Fuso, nikajichoma. Mkono ulitetemeka na tone lilianguka kubwa kama maharagwe. Nilichukua kioo kingine. Nilipolizungusha, lilichora kitu kama ramani. Nikachukua cha tatu. Hilo lilikuwa nafuu, lakini kabla halijakauka inzi alitua katikati na kuanza kula. Inzi hupenda damu mbichi ya maabara. Kwetu jikoni nilikuwa nafunga madirisha. Mwalimu Ilunga alivua kofia akaanza kupepea, huku akimtukana yule inzi kwa Kiluba chao cha Kasai.

Nilishika kioo cha nne.

"Masika," alisema, na hakuniita ma fille, yaani binti yangu. "Vidole vitaisha. Kwani wewe unatafuta malaria ama unatafuta duara?"

Nilivitazama vile vitatu. Kisha nikakirudisha kile kioo kisandukuni na kumeza dawa. Alikesha na kofia yake hadi matone yalipokauka, maana hewa ya pale ni maji matupu, na akachana karatasi za katikati ya daftari la mwanafunzi ili nifunge kila kioo. Nilipolala juu ya kabichi bado niliwaza kile cha nne. Lakini sikuinuka.

Kisangani

Tuliingia Kisangani nikiwa nimemaliza dawa, nguo zinanipwaya. Mke wa Mwalimu Ilunga alinipa lituma, zile ndizi zilizopondwa, na samaki wa mchuzi. Nilikula hadi watoto wao wakanitazama. Asubuhi yake nilikwenda shuleni.

Kwenye korido wenzangu walivaa makoti meupe yenye majina. Mmoja alinifungulia kisanduku chake bila kuombwa: vioo safu kwa safu, lebo zilizochapwa. Nilitamani kurudi kwenye tope la Nia-Nia.

Jury walikuwa watu wawili, mama profesa na mwanaume aliyekuwa akifuta miwani. Mama profesa, aliyeniita kwa wingi wa heshima, alisoma kifuniko changu.

"Hapa mumeandika DAMU. Iko wapi?"

Nilifungua. Vioo vitupu, na vifurushi vitatu vya karatasi yenye hesabu za mtoto wa Beni.

"Ilioshwa, Madame."

"Na nani?"

"Na tantine yangu. Aliona nimeandika DAMU."

Mwanaume aliacha kufuta miwani. Mama profesa aliuliza kwa nini mtu aoshe, nami nikamweleza kazi ya Tantine wakati wa ugonjwa. Akauliza klore ilikuwa ya kiasi gani. Nikamwambia ile kali, ya vitu.

"Basi alifanya kazi yake," alisema. "Sasa mufanye yenu. Rangi iko pale."

Nilitia rangi vioo vyangu vitatu mbele yao. Mikono yangu ilitulia, kwa sababu kazi hiyo nimeirudia jikoni kwetu hadi mama akachoka na harufu. Niliposuuza, niliona jambo: damu haikubanduka kingoni. Kule Butembo zangu zilibanduka kidogo kila mara, nikadhani ni rangi. Kumbe vioo vyangu havijawahi kuwa safi kiasi kile.

Lakini nilipoviinua viliaibisha. Nikaanza kueleza. Cha kwanza ni kizito mno katikati. Cha pili hakina umbo. Cha tatu kilitembelewa na inzi, na kando kina...

"Mademoiselle." Mama profesa aliinua mkono. "Sikuuliza makosa. Niliuliza munaona nini."

Nikaweka cha tatu chini ya mikroskopu. Hiyo ya kwao ilikuwa na mwanga ambao yangu haijawahi kuota. Nilitafuta, nikasogeza, nikapita mahali alipokula inzi. Halafu niliziona: pete ndogo ndogo, kila moja na nukta yake nyekundu.

"Malaria," nilisema. "Ile kali. Bado changa. Nyingi."

Alinisukuma taratibu, akatazama mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu. Alimwachia mwenzake, naye akatazama.

"Mugonjwa huyu aliletwa kwenu na nani?"

"Hakuletwa, Madame. Alikuwa kwenye Fuso."

"Alipata dawa?"

"Alimaliza."

"Na sasa yuko wapi?"

"Amesimama mbele yenu."

Mwanaume alicheka, akajifanya anakohoa. Mama profesa hakucheka. Alivuta kiti akakisogeza upande wangu.

"Kwa nini hamukusema?" aliuliza. "Mukae, bwana."

Jibu la jury nililipata kabla sijaondoka Kisangani. Wamenipokea. Mwenye lebo zilizochapwa naye wamempokea, na nimefurahi, karibu kabisa.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa kavu na sina la kusimulia, isipokuwa kwamba kwenye bariere yule mwanajeshi mzee hakuwapo, nami nilikuwa nimemnunulia Kisangani miwani ya kusomea.

Beni nilimkuta Tantine anaosha ndizi. Hakuningoja nikae.

"Sasa? Ile jury balifurahia vile vioo ni safi?"

Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri tangu Mambasa. Nilimwambia ukweli: kwamba ile damu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kwamba niliikusanya kwa miezi, na kwamba nilimshukuru nikiwa nataka kulia. Aliacha ndizi majini. Aliangalia mikono yake. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya jury.

"Masika," alisema mwishowe. "Mutu anaandika DAMU, nyekundu, kubwa hivi, anaweka mu nyumba yangu. Mimi Kavira. Alitaka nifanye nini?"

"Hakuna kingine, Tantine."

"Na mudomo yako siku ile ilikuwa wapi?"

"Niliogopa."

"Aah." Alirudi kwenye ndizi. Baadaye kidogo mabega yake yakaanza kutikisika, na nikagundua anacheka. "Na ile damu ilikuwa ya nani?"

"Ya barafiki yangu ya Vulamba."

"Bon. Uende ubaambie damu yabo haina tena ugonjwa hata mumoja."

Ujumbe ndio huo, nimeufikisha.

Nilimwonyesha kioo cha tatu, mama profesa alikubali nirudi nacho. Tantine alikielekeza dirishani. "Hii iko na doa. Na hapa, ni kama kitu ilikula." Akainuka kuelekea ndoo ya pili. Nilimshika kitenge.

"Hii hapana, Tantine."

"Iko chafu."

"Ninajua."

Alikitazama tena. Kisha akanirudishia akikishika kwenye kona, akaenda kunawa mikono, na kutoka kule kule akaniita nami nije kunawa.

Masomo yanakaribia kuanza, na nitahitaji vidole tena. Kasereka, usikimbie. Kisanduku nimekipaka rangi upya jana. Neno la zamani nimelifuta, na sasa kimeandikwa USIOSHE. Herufi ya mwisho imeinama kidogo. Nimeiacha.